Nyota nne kwa idara ya dharura iliyouliza maumivu yalianzia wapi

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, na vitu pekee nilivyowahi kuvitathmini hadharani ni uzi na mikasi. Uzi unaokatika nausema, mikasi butu naisema. Safari hii nataka kusema habari ya huduma tatu nilizozipitia katika usiku mmoja nikiwa na maumivu ya tumbo yaliyokuja kujulikana kuwa ni kidole tumbo, ule mrija mdogo wa kwenye utumbo, uliovimba: duka la dawa, programu ya simu ya kukagua dalili, na idara ya dharura ya hospitali. Majina sitayataja. Muuza dawa aliyenikosea mimi huenda amewapatia wengine mia, na hospitali nayo ina siku zake. Ninachopima hapa ni jambo moja tu, nani aliuliza nini.

Alama zangu: duka la dawa nyota moja, programu nyota mbili, idara ya dharura nyota nne. Nyota ya tano waliipotezea kwenye benchi, nitafika huko.

Maumivu yalianza saa 11 jioni nikiwa kwenye cherehani. Yalikuwa katikati, kuzunguka kitovu, yanakuja na kupoa, kama tumbo lililojaa upepo. Ungeniambia niweke kidole panapouma nisingeweza, ningezungusha kiganja tumbo zima. Nikanywa maji, nikaendelea kushona. Kilichofuata ni hamu ya kula kukatika kabisa. Binti yangu alipakua chakula cha usiku, nikakitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka nguo kesho na hajaleta kitambaa. Mimi si mtu wa kukataa chakula. Hata nikiwa na homa ya kutetemeka nakula. Hapo ndipo ningeshtuka, na sikushtuka.

Saa 1 usiku nikaenda duka la dawa. Kijana wa kaunta, mpole tu, akaniuliza, "Mama, tumbo limejaa gesi?" Nikajibu kama limejaa. "Choo unapata?" Nikamwambia tangu asubuhi bado. Mazungumzo yakaishia hapo. Nikatoka na vidonge vya kupunguza asidi na chupa ya dawa ya kulainisha choo.

Vidonge nilimeza. Ile chupa niliiweka juu ya kabati nikiwaza kesho nina wateja, sitaki kushinda chooni. Uvivu wangu huo ulinisaidia, kwa sababu dawa ya kulainisha choo, pamoja na kupigwa bomba la kusafisha tumbo, ni vitu ambavyo madaktari wanaonya visitumike kwa mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo. Ikiwa kidole tumbo ndicho kilichovimba, kuyasukasuka matumbo kwa nguvu kunaweza kukiharakisha kupasuka. Hata chupa ya maji ya moto juu ya tumbo inaonywa kwa sababu hiyohiyo. Kijana hakujua, wala mimi sikujua. Lakini nyota nimempunguzia kwa jambo jingine. Hakuniuliza yalianza lini wala wapi, na hakuniambia "ukiona hivi na hivi, usirudi kwangu, nenda hospitali." Maneno hayo hayana gharama yoyote.

Saa 3 usiku nikatapika mara mbili. Saa 4 binti akanifungulia programu kwenye simu yake. Ni kitu kizuri kwa macho: kuna mchoro wa mwili, unagusa panapouma, inakuuliza maswali, inakupa majibu. Nikagusa kitovu. Ikaniuliza kama nimetapika, nikasema ndiyo. Ikasema huenda ni kuvimbiwa au maambukizi ya tumbo, nipumzike na ninywe maji kidogokidogo.

Haikuuliza kipi kilitangulia kati ya maumivu na kutapika. Muuguzi ndiye aliyenifundisha baadaye kwamba mpangilio huo una maana. Kwenye tumbo lililochafuka kwa chakula kibovu au virusi, mara nyingi mtu hutapika na kuharisha kwanza, maumivu yakafuata au yakaja pamoja. Kwenye kidole tumbo, kwa kawaida maumivu hutangulia, hamu ya kula ikafa, halafu ndipo kichefuchefu. Mimi nilikuwa nimeumwa saa nne kabla ya kutapika. Vilevile programu ilinipiga picha ya saa 4 usiku, basi. Ningeigusa tena saa 9 ningegusa mahali pengine kabisa, lakini nani anafungua simu saa 9 usiku anajikunja? Nyota ya pili nimeipa kwa sababu leo nikiandika nimeifungua tena na nimeona chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa mchwa, imeandikwa kwamba maumivu yakihamia chini upande wa kulia nitafute huduma ya haraka. Walijua, wakaficha kwenye pindo.

Saa 9 usiku niliamka. Maumivu ya kitovu yalikuwa yamekwisha, na kwa sekunde mbili nikashukuru. Kisha nikakohoa. Yalikuwa yamehama. Sasa yalikaa chini, upande wa kulia, makali, hayaji na kuondoka tena, na ungeniambia niweke kidole ningeweka kidole kimoja tu. Madaktari wana jina la mahali hapo. Chora mstari kutoka kwenye kitovu hadi ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia, ugawe mara tatu, na pale theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndipo panapoitwa nukta ya McBurney, kwa jina la daktari mpasuaji wa New York aliyeieleza mwaka 1889. Mimi nilikuwa sijui habari hizo. Nilichojua ni kwamba nimelala nimekunja goti la kulia na sitaki mtu aninyooshe.

Tena kuna jambo la ufundi wa cherehani hapa. Taa ya mashine ilikuwa inawaka, nikaenda kuizima, nikaketi kwenye kiti changu nipumue. Kwa mazoea mguu wa kulia ukapanda kwenye pedali. Nilipoinua paja nilitoa sauti mpaka mume wangu akaamka. Miaka ishirini nakanyaga ile pedali haijawahi kuniuma tumboni! Daktari alinieleza kwamba nyuma ya matumbo kuna msuli mkubwa unaotoka kwenye uti wa mgongo kupita nyonga hadi kwenye paja. Kidole tumbo kikivimba kikiwa kimelala juu ya msuli huo, kuuinua au kuunyoosha mguu wa kulia kunauma. Wanalo jaribio lao la kukuvuta paja ukiwa umelala ubavu. Mimi nilijipima kwa Singer.

Mume wangu akasema tusubiri kupambazuke. Nikamwambia, "Baba, mimi siwezi kusimama wima." Akampigia mdogo wake mwenye gari. Njiani nilikuwa napiga kelele moja tu: "Shemeji, matuta! Shemeji, taratibu kwenye matuta!"

Tulifika saa 11 alfajiri, na hapa ndipo nyota zinaanza kutoka.

Kwenye meza ya kwanza, ile ya kupanga nani aonwe kabla ya nani, alikuwepo muuguzi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Hakuuliza panauma wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Pole mama. Yalianzia wapi?"

"Kwenye kitovu, sista."

"Saa ngapi?"

"Saa 11 jana jioni."

"Sasa hivi yako wapi?" Nikamwonyesha. "Chakula cha mwisho ulikula lini, na ulikitaka?" Nikacheka, nikaumia. "Ulitapika kabla au baada ya kuanza kuumwa?" Kisha akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la mazungumzo tu: "Mlivyokuja, matuta ya barabarani yalikuuma?" Shemeji akajibu kabla yangu, "Sista, amenitukana kila tuta."

Baadaye nilipata kujua kwamba swali la matuta limepimwa kweli. Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012: kati ya wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema waliumia gari lilipopita kwenye matuta. Hiyo haina maana kwamba kila anayeumizwa na tuta ana kidole tumbo, maana wengi wasiokuwa nacho nao waliumia. Faida yake iko upande wa pili: mtu akipita matuta bila shida, uwezekano unapungua sana. Kinachouma ni utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, ukishaguswa na uvimbe hautaki mtikisiko. Ndiyo maana kukohoa kunauma, kutembea unainama, na mtoto ukimwambia aruke kwa mguu mmoja anakataa.

Dakika tatu, maswali saba, na jina langu likapanda juu kwenye orodha. Joto 37.9. Kama ningempa mtu nyota peke yake, ningempa yule mama wa miwani zote tano na ningemshonea koti.

Sasa benchi. Nilikaa pale saa mbili na nusu nikisubiri daktari, na hakuna aliyeniambia nisile wala nisinywe. Mume wangu, kwa huruma, akaniletea maji. Mtu wa usafi aliyekuwa akipita na ndoo ndiye aliyesema, "Mama, kama ni tumbo la kupasuliwa usinywe." Yuko sahihi: ukipewa nusukaputi na tumbo lina kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Lakini taarifa hiyo si kazi ya mtu wa ndoo. Pia daktari wa kwanza alikataa kunipa dawa ya maumivu akidai itaficha ugonjwa. Wa pili alipokuja aliagiza nichomwe sindano ya maumivu mara moja, akasema hofu hiyo ni ya zamani na imeshapimwa. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu bado anaweza kuchunguzwa vizuri, tena analegeza tumbo. Nyota ya tano iliondoka hapo, na benchi lenyewe lilikuwa la chuma.

Daktari wa pili alibonyeza tumbo polepole, akaachia ghafla. Kuachia kuliuma kuliko kubonyeza. Akabonyeza upande wa kushoto, nikaumia kulia. Akataka damu na mkojo. Kwenye mkojo akaomba pia kipimo cha mimba, na mimi nikakasirika kidogo, kwa umri wangu na kwa kufunga kizazi. Akaketi kitandani akanieleza kwa heshima: mwanamke yeyote ambaye bado anapata hedhi akiumwa chini ya tumbo lazima apimwe, maana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inauma vilevile na inaweza kuua kwa kuvuja damu ndani. Hata aliyefunga kizazi ikitokea akashika, uwezekano wa kuwa nje ya mfuko ni mkubwa. Kifuko cha mayai kilichojinyonga nacho huiga dalili zilezile, na kijiwe cha figo, na maambukizi ya njia ya mkojo. Nikakojoa kwa amani.

Chembe nyeupe za damu zilikuwa 15,200, wakati kawaida haizidi 11,000 hivi. Mimi napenda vipimo, hivyo nilipomwona anaandika namba pembeni nikamuuliza. Akaniambia kuna kipimo cha alama 10 kilichotungwa na daktari Alfredo Alvarado mwaka 1986: maumivu kuhama moja, hamu ya kula kufa moja, kichefuchefu moja, kuumia ukibonyezwa chini kulia mbili, kuumia ukiachiwa moja, joto moja, chembe nyeupe kupanda mbili, na aina ya chembe hizo moja. Saba na kuendelea wanashuku sana. Mimi nilikuwa na tisa. Sijawahi kufaulu hivyo tangu shule ya msingi. Angalia lakini kwamba alama tatu za mwanzo hazihitaji maabara wala kitanda, zinahitaji mtu akuulize. Kijana wa duka la dawa angeipata moja kabla sijafungua pochi, maana hamu ilikuwa imeshakufa, na ya kuhama ingefuata kama angeniambia niangalie.

Altrasaundi ilionyesha mrija wa milimita 11 usiobonyea. Mzima huwa hauzidi milimita 6. Ndani kulikuwa na kijiwe kidogo cha kinyesi kilichogandamana, ndicho kilichoziba mlango. Ukiziba, ute unajaa, bakteria wanaongezeka, shinikizo linakata damu, ukuta unaanza kufa. Ndiyo maana maumivu yanasafiri: mwanzo mrija wenyewe ndio unaolia, na neva zake zinapeleka habari katikati ya tumbo bila anwani kamili, uvimbe ukigusa ule utando wa ukuta wa tumbo, anwani inapatikana.

Nilipewa chaguo, na hilo nalisifu. Siku hizi kidole tumbo kisichotoboka kinaweza kutibiwa kwa antibayotiki peke yake. Daktari alinitajia utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020, ambapo karibu watu 3 kati ya 10 waliopewa antibayotiki waliishia kupasuliwa ndani ya siku 90, na kwa wenye kijiwe kama mimi walikuwa karibu 4 kati ya 10. Nikamwambia achomoe. Saa 8 mchana niliingia chumba cha upasuaji. Daktari wa usingizi, ili nisiogope, akanisimulia habari ya Leonid Rogozov, daktari pekee kwenye kituo cha Wasovieti huko Antaktika, ambaye mwaka 1961 alijipasua mwenyewe na kujitoa kidole tumbo akitumia kioo na ganzi. Sijui kama hiyo ni njia nzuri ya kumtuliza mtu. Nililala nikimfikiria yule Mrusi.

Wodini, kitanda cha jirani alikuwapo bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Kisa chake ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Yeye aliumwa kidogo tu, hana homa ya maana, siku ya pili maumivu yakapungua kwa ghafla akawaambia wajukuu amepona. Haikuwa nafuu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, shinikizo limetoka, usaha umeingia tumboni. Baada ya saa chache tumbo zima likawa gumu kama ubao, moyo unakimbia, akaletwa hajitambui. Wazee dalili zao hufifia hivyo. Watoto wadogo nao hawawezi kusimulia safari ya maumivu, wanalia tu na kukataa kucheza, na wengi hufika kimeshapasuka. Mjamzito anaweza kuumia juu zaidi kwa kuwa mfuko wa uzazi umesukuma kila kitu. Na wapo ambao kidole tumbo kimejificha nyuma, wanaumwa kiuno, au kimeshuka kwenye nyonga, wanakojoa kwa maumivu na kuharisha. Hadithi yangu ilikuwa ya vitabuni. Karibu nusu ya wagonjwa hawaipati iliyonyooka hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mteja, lini uende dharura bila kupitia kaunta yoyote, ningekwambia: maumivu ya tumbo yakiendelea kupanda saa baada ya saa, yakihamia chini kulia, ukishindwa kutembea wima au kukohoa, usisubiri jua. Ukiwa na mimba au unadhani unayo, usisubiri kabisa. Tumbo likikakamaa, ukizimia, ukitapika mfululizo, au maumivu makali yakikatika ghafla huku unazidi kulegea na homa inapanda, tafuta mtu akubebe. Usile, usinywe dawa ya kulainisha choo, na njiani panga jibu la swali la mama wa miwani.

Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwa mwandiko ambao hata mfamasia alicheka, ikabidi nirudi dirishani kuuliza. Walinieleza vizuri: homa ikirudi, kidonda kikiwa chekundu au kikitoa usaha, tumbo likianza kuuma upya, nirudi siku hiyohiyo. Nilirudi kwenye pedali baada ya wiki mbili.

Mishono nimeikagua mwenyewe kwenye kioo, ni kazi yangu. Matundu matatu: moja kitovuni, mawili chini. Uzi ni ule unaoyeyuka wenyewe, umepitishwa ndani ya ngozi, fundo halionekani. Wa kitovuni ni safi kabisa, nisingeufanya vizuri zaidi. Wa kushoto pia. Huu wa kulia umevutwa kidogo upande mmoja, ngozi imekunja pindo. Ningemfumua mwanafunzi wangu.